Gari la Maziwa Halitakuwa Jeupe

Jumatatu, 6 Oktoba

Maziwa yamechacha tena. Mnunuzi wa Nairobi amenipigia simu wakati wa chakula akanigombeza mpaka wali ukapoa.

Mimi sijakosa. Mitungi ilifukizwa moshi vizuri. Akina mama wa Gotu waliwakamua ngamia alfajiri. Dereva wetu Jattani aliendesha bila kusimama kupiga soga na mtu yeyote, na anayemjua Jattani anajua hiyo ni ibada. Kosa ni la gari. Land Cruiser ya Aabo ni ya kahawia iliyokolea, na jua la mwezi huu likiipiga, ukigusa bati la nyuma unarudisha mkono haraka. Tunayapika maziwa njiani halafu tunashangaa yakiharibika.

Aabo, baba yangu, alichagua rangi hiyo miaka ya wezi wa barabarani, ili gari lifanane na udongo lisionekane. Wakati ule ilikuwa akili. Lakini mimi sijifichi. Nataka mama aliye juu kule vilimani Gotu na mtungi mgongoni anione ningali mbali, ateremke, tufike barabarani pamoja, maziwa yasikae juani yakiningoja.

Basi nimeamua. Gari litapakwa rangi nyepesi kabla ya mvua.

Jumanne, 7 Oktoba

Gari ni la Aabo, kwa hiyo nilimwuliza. Tangu apigwe na kiharusi mwaka jana hasemi, na mkono wa kulia umelala. Nilimwambia, "Aabo, nataka kupaka gari rangi mpya. Sawa?" Akaitikia kwa kichwa.

Nilifurahi sana, mpaka nilipokumbuka kwamba asubuhi mama mchuuzi alimwuliza kama atanunua kuku, na hiyo pia aliitikia. Aabo siku hizi anaitikia kila mtu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kaka yangu Mahat amesikia habari za rangi na amefurahi, jambo lililonitia wasiwasi mara moja.

"Hoda, abaayo, hiyo ni idea poa," akasema. "Paka nyeupe. Kuna mradi unatafuta gari ya kukodi mwaka mzima. Wanataka nyeupe tu. Wanabandika stika yao kwa mlango, tunakaa nyumbani, tunakula."

"Na maziwa ya Gotu?"

"Maziwa itapata gari ingine."

Hakuna gari lingine. Yeye anajua, mimi najua, na akina mama wanaonisubiri kule wanajua kuliko sisi wote. Bodaboda haibebi mitungi yote ile, na malori ya mifugo hayana haraka na maziwa ya mtu. Gari likipakwa jeupe litaondoka, na likiondoka, Gotu watakuwa wanamwaga maziwa. Nilimwambia hivyo. Akasema nina moyo mgumu kama Aabo. Nikamwambia asante.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ami yetu, Adeer Abdihakim, amekuja kumchukua Aabo kwenda msikitini kwa gari lake dogo jeupe, kama kila Ijumaa. Viti vyake bado vina nailoni za dukani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeshinda gereji kwa Rimberia, fundi wa rangi. Nilidhani kuchagua rangi ni kazi ya dakika chache. Kumbe katika mji huu kila rangi ina mwenyewe.

Nilianza na kijani hafifu. Jattani akatikisa kichwa. "Mtu ya Gotu akiona kijani anajua ni askari. Anafukuza ngamia yake mpaka mlimani. Utaongea na mawe." Manjano ni ya chama. Ya chungwa ni ya chama kingine. Samawati nayo ni ya yule mheshimiwa aliyeanguka mara mbili, na watu bado wanamdai mashati aliyoahidi. Kijivu ni sawa na vumbi, na nyeusi hata sikuitaja. Jattani akashauri kahawia ileile. Nikamwambia akanywe chai.

"Mama, mbona usipake tu nyeupe?" akasema Rimberia. "Nyeupe haishiki joto. Hiyo ndiyo rangi ya kazi."

Hapo ndipo pananiuma. Kwa maziwa, nyeupe ndiyo rangi bora kuliko zote, na ndiyo rangi moja tu ambayo siwezi kuipaka. Mwishowe tumekubaliana krimu. Si rangi ninayoipenda. Imekaa kama uji wa mgonjwa. Lakini mradi wa Mahat haukusema krimu.

Jumatano, 15 Oktoba

Gari limepelekwa gereji. Jattani ameaga mlango wa dereva kama anayesafirisha mtoto.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nina rangi kwenye kucha, na ninaandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mwandiko uwe utakavyokuwa.

Nilipita gereji baada ya kupeleka maziwa kidogo yaliyokuja na lori. Nikakuta kichwa cha gari letu ni cheupe. Si krimu. Ni cheupe kama friji. Rimberia alikuwa amejifunga kitambaa puani, kompresa inanguruma, ananyunyiza mlango wa kushoto.

Nilizima kompresa mwenyewe.

"Fundi, hii ni nini?"

"Si Mahat alikuja? Alisema mzee amebadilisha. Amesema nyeupe."

"Mzee hasemi, Rimberia. Hujui mzee hasemi?"

"Alisema mzee aliitikia kwa kichwa."

Bila shaka aliitikia. Sikuweza hata kumwita Mahat mwongo. Nilisimama pale nikilitazama gari la Aabo limegeuka la watu wengine, na niliona wazi stika itakapobandikwa. Niliwaona akina mama wa Gotu wamekaa kando ya barabara na mitungi yao, kila mmoja na kitambaa cha rangi yake kwenye mshikio, maana ndivyo wanavyojua mtungi wa nani ni upi. Niliona kitambaa chekundu cha Mama Sabdio, aliye mkubwa wao, ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja. Machozi yakanijia na nikakataa kuyatoa mbele ya kompresa.

Chini ya meza palikuwa na kopo la rangi nyekundu la lango la bucha ya jirani. Kifuniko kilikuwa wazi. Nililibeba kwa mikono miwili nikalimimina lote ndani ya ndoo ya nyeupe.

Rimberia alichungulia ndani ya ndoo muda mrefu. "Mama," akasema polepole, "umefanya nini?"

"Koroga."

"Hii itakuwa pinki."

"Koroga, fundi. Au unataka kuitoa nyekundu na kijiko?"

Alikoroga. Ilitoka pinki nyepesi, ya peremende. Nikaitazama, na hasira ikaanza kunitoka kidogo kidogo, nikafikiri. Ni nyepesi, kwa hiyo haitashika joto. Inaonekana ng'ambo ya tambarare yoyote. Hakuna chama kinachoitaka, hakuna askari anayeivaa, na mradi ule hautaikodi hata bure. Mwizi akiiba gari hili, kila mtu kutoka hapa hadi Moyale atamwonyesha askari lilikopita. Na hakuna mwanamume wa ukoo wetu atakayeliazima.

"Paka lote," nikasema. "Anza na ile nyeupe uliyoniharibia."

Jumapili, 19 Oktoba

Limerudi nyumbani. Majirani wa mtaa wetu wa Kiwanjani wametoka hadi barabarani kulitazama. Mahat hakupiga kelele, alikaa tu kwenye ngazi akajishika kichwa. "Umetuaibisha," akasema. "Hii ni gari ya baba yetu, mzee Robow. Babu alikuja hapa na askari wa Mzungu akaanza kazi ya kusafirisha mizigo na mikono yake. Sasa watu watasema nini?"

Watasema ni pinki, nikamjibu, na watakuwa wamesema kweli.

Lakini Aabo tulipomtoa kwenye veranda alilitazama mara moja tu, akageuza uso ukutani. Hilo limeniuma kuliko maneno yote ya Mahat. Kama angeweza kunitukana ingekuwa afadhali.

Jumanne, 21 Oktoba

Jattani ameacha kazi. Alisimama mbali na gari, kama linauma. "Mimi nina watoto, Mama Hoda. Kesho wataitwa watoto ya nani?" Nilimwambia waitwe watoto wa dereva mwenye kazi. Hakucheka.

Basi nitaendesha mwenyewe. Leseni ninayo. Aabo alinifundisha akiwa na nguvu zake, kule karibu na uwanja wa ndege, na kila injini iliponizimikia alikuwa akisema, "Tena." Hakuwahi kuniambia lingine.

Alhamisi, 23 Oktoba

Siku mbaya. Niliondoka kabla ya adhana ya alfajiri nikiwa nimeshika usukani kama mtu anayezama. Nilifika Gotu salama, nikapunguza mwendo mahali petu. Hapakuwa na mtu. Nikapiga honi. Akatokea mama mmoja, kisha wawili, kisha wakaanza kupiga vigelegele wakishuka mbio na mikono mitupu.

Wakalizunguka gari, wakachungulia ndani. "Bibi harusi yuko wapi?" wakauliza.

Walidhani ni gari la harusi. Mitungi yote ilikuwa kule juu, kwenye kivuli, ikisubiri gari la kahawia. Waliposikia ni mimi, na bwana harusi hayupo, wengine walicheka hadi wakakaa chini, na kabla mitungi haijateremshwa jua lilikuwa juu na basi la Nairobi linalobeba maziwa limekwisha kuondoka. Maziwa yote yamegeuka susa, yale machachu ya kunywewa nyumbani, na yote hatuwezi kuyanywa. Nusu imemwagwa.

Mama Sabdio peke yake hakucheka. Alipitisha kiganja kwenye bati la nyuma, juani, akakiacha hapo. "Hii haichomi," akasema. "Hoda, gari yako ni diimtuu sasa. Tutaijua."

Diimtuu ndivyo wanavyomwita ng'ombe jike mwekundu. Nilirudi nimeudhika, lakini neno hilo nililibeba njia nzima.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mahat aliona maziwa yaliyomwagwa. Alichukua mitungi akaisuuza. Ningependa angenigombeza.

Jumatatu, 27 Oktoba

Wamenijua. Waliteremka nikiwa bado mbali. Maziwa yamefika Nairobi mazima na mnunuzi hakupiga simu, nami naichukua hiyo kuwa sifa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mtu wa mradi amekuja kuangalia gari. Kumbe Mahat alikuwa hajamwambia. Alikuwa kijana mpole mwenye kofia kubwa. Alisimama langoni, akatazama karatasi yake, akatazama gari, akauliza kama kuna lingine.

"Tunaweza kuipaka tena," Mahat akamwambia.

"Haipakwi," nikasema mimi kutoka jikoni.

Kijana akanitazama, akamtazama Mahat. "Naona bado mnaongea," akasema, akaahidi kurudi baada ya mwezi mmoja.

Baadaye nilipita kwa dirisha la chumba cha Aabo nikamwona Mahat anamwogesha. Anafanya hivyo kila jioni tangu arudi kutoka Nairobi kazi ilipokwisha. Anainua ule mkono uliolala, anausuuza, anaupangusa kidole kimoja kimoja. Mimi niko barabarani na maziwa, mji mzima unanipa pole na hongera. Yeye hakuna anayemwona. Nadhani alitaka gari jeupe ili na yeye awe na kitu cha kuonyesha. Nimemwelewa, na bado sitampa gari.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Alhamdulillahi. Harufu yake ilifika kwanza.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua, matope, mvua. Watoto wa shule wananipungia. Wanaume wanajifanya hawanioni, jambo gumu kwa rangi hii.

Jumatano, 12 Novemba

Lazima niandike leo vizuri.

Nilikuta lugga, lile korongo lililo kavu siku zote, imejaa upande huu wa Gotu, maji mekundu yanaburura matawi. Magari matatu meupe yalikuwa yamesimama ukingoni, ya mashirika, na madereva wamelala. Wakaniambia nirudi, maji hayatapungua leo. Ng'ambo, vilima vilikuwa vimefunikwa na mvua, sioni mtu. Nilifikiria maziwa yaliyokamuliwa usiku ukielekea alfajiri, na wanawake walioshuka nayo katika matope.

Nikakataa kurudi. Nililipandisha gari juu ya mwinuko, nikaligeuza ubavu ukaelekea ng'ambo, nikazima injini nikakaa. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa mkaidi tu, na mvua inapiga kichwani.

Mvua ilipopungua kidogo niliona kitu chekundu kinasogea ng'ambo, kidogo sana. Kitambaa cha Mama Sabdio. Walikuwa wameniona. Hawakuja moja kwa moja majini. Walikwenda juu, wakifuata ukingo, wakinionyesha kwa mikono, nami nikaendesha upande wangu sambamba nao, polepole, mpaka penye miamba ambapo lugga ni nyembamba na vijana wao wa ngamia huvuka. Wakafunga kamba. Mitungi ikaja mmoja baada ya mwingine, ikining'inia juu ya yale maji, vitambaa vinapepea.

Mama Sabdio alipiga kelele kutoka ng'ambo, na upepo ukaleta maneno yake. "Ile nyeupe tuliona pia. Lakini nyeupe ni ya nani? Nyeupe ni ya kila mtu. Hii ni yetu."

Nililia njiani. Hakukuwa na wa kuniona ila ng'ombe wawili, basi nililia vizuri. Basi la Nairobi nililikuta bado linapakia.

Jumatano, 19 Novemba

Jattani amerudi. Alikuwa amejifunga shuka hadi puani ili asijulikane, na mji mzima ukamjua kwa mwendo wake. Akasema yuko tayari kusamehe rangi. Nikamwambia usukani umepata mwenyewe, lakini mitungi inahitaji mtu wa kuipanga nyuma. Alifikiri, akapanda nyuma.

Alhamisi, 27 Novemba

Kijana wa mradi anarudi wiki ijayo. Mahat amemwita Adeer Abdihakim aje kesho kabla ya sala, amwulize Aabo mbele yetu sote kuhusu rangi, na jibu la Aabo liwe mwisho wa maneno.

Nimemwambia Mahat si haki. Aabo ataitikia. Anaitikia hata redio.

"Basi uliza na wewe," akasema. Hakuwa na ubaya usoni. Amechoka, na mimi nimechoka. Lakini wakilipaka jeupe nitakwenda Gotu kwa miguu niwaambie mwenyewe, na hilo nimemwambia pia.

Ijumaa, 28 Novemba

Adeer alifika na kanzu iliyopigwa pasi, akaegesha gari lake jeupe nyuma ya langu, ambamo Jattani alikuwa akipanga mitungi mitupu. Tulimkalisha Aabo kwenye veranda. Mahat alikuwa amemnyoa na kumvalisha vizuri. Adeer akainama.

"Salaam aleikum, Robow. Watoto wako wanabishana. Gari ipakwe nyeupe?"

Aabo akaitikia kwa kichwa.

Niliona Mahat anashusha pumzi. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya kiti. "Aabo, gari libaki hivi lilivyo, liende Gotu?"

Akaitikia vilevile.

Adeer akanyoosha mgongo. Akatutazama, akakuna ndevu, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kuwahi sala kwamba mambo haya yataongelewa siku nyingine. Mahat na mimi tukatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba tukaribie kucheka pamoja, na hatukucheka.

Tukamwinua Aabo, Mahat upande wa kulia, Adeer upande wa kushoto, fimbo mbele. Tukashuka ngazi. Adeer akatangulia kufungua mlango wa gari lake, na nailoni za viti zikameremeta. Aabo alifika pale kwenye mlango uliofunguliwa. Akasimama.

"Ingia, ndugu yangu," Adeer akasema. "Adhana imekaribia."

Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana Aabo alitikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu, kilemba kikalegea. Kisha akaanza kwenda, fimbo, mguu, fimbo, akilipita gari la ndugu yake bumpa kwa bumpa, hadi akafika kwenye Land Cruiser. Akaegemeza fimbo kwenye gurudumu. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya bati lenye jua na akakiacha hapo, kama alivyofanya Mama Sabdio, ingawa hamjui Mama Sabdio na hakuwepo.

Aabo akagonga mlango wa abiria mara mbili kwa kidole, vile alivyokuwa akigonga zamani akitaka turnboi wake ajue safari imeanza.

"Aabo, hiyo ni juu sana," Mahat akasema, lakini alikuwa tayari ameinama kumshika mguu. Alimbeba. Alimpandisha taratibu, akamfunga mkanda, akamrekebishia kilemba, kisha akafunga mlango akabaki ameshika mshikio. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Panda nyuma, walaal," nikamwambia. "Kaa na Jattani. Ana shuka, mtajifunika."

Akapanda. Bila shuka.

Ningeweza kupita njia ya nyuma. Nilipita barabara kuu, sokoni, mbele ya mabanda ya maziwa na gereji ya Rimberia, polepole, na watu wote walioelekea msikitini wakageuka. Zamani Aabo akiendesha alikuwa akitoa kiwiko cha kulia dirishani. Leo kiti chake ni cha abiria. Tulipofika kona ya msikiti alishusha kioo, akatoa kiwiko cha kushoto, akakiegemeza kwenye mlango wa pinki, akawaacha wamtazame.